Mtihani Niliouweka Wakati wa Giza

Siku waliponiaga hapa mjini Baraka walinipa kiti cha plastiki, kitenge pisi nzima na dakika tano za kusema. Kiti nimekikalia, kitenge nimekishona, lakini zile dakika tano nilizimaliza kwa kulia, na mtu mzima akilia mbele za watu hakuna anayemkatiza. Ninyi wadogo zangu mnaobaki na darasa la vakansi, la wakati wa likizo, mkaniomba niandike yale niliyoshindwa kuyasema. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua kwa kuwa ndio huo huo wenu.

Mimi ni mtoto wa Fizi, kule juu mlimani. Wazazi wangu walilima muhogo, na mimi nilisomesha shule ya msingi huko huko mpaka vita vilipotufukuza. Tulivuka ziwa kwenda Tanzania, nikasomesha kambini miaka mingi, na Kiswahili changu cha kuandika kilinyooshwa huko. Tuliporudi watu walinicheka kwamba nazungumza kama redio. Wanangu wenyewe walikuwa wamebadilisha shule mara tatu, na kila shule mpya iliwaanzisha ukurasa wa kwanza, kana kwamba walizaliwa jana. Ndiyo maana niliposikia kwamba Baraka kuna mwalimu mmoja anayesomesha watoto wa watu wanaohamahama, miezi ya Julai na Agosti wakati shule zimefungwa, nilimtafuta kabla sijapata hata nyumba ya kupanga.

Jina lake Mwalimu Assani. Alikuwa mzee wa pwani ya ziwa, Mwislamu, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo watoto walilazimika kunyamaza ili waisikie. Nilimkuta kwenye uwanja wa shule moja ya hapa mjini, amefunga shitingi, turubai la plastiki, kati ya ukuta na nguzo mbili, anapaka ubao. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Alinipa mchi na betri kuukuu za tochi zilizopasuliwa, akaniambia nitwange ule mkaa wa ndani pamoja na majani ya muhogo. Hiyo ndiyo rangi ya ubao. Ukitwanga vibaya chaki inateleza. Ukiweka majani machache rangi inabaki kwenye mikono ya watoto, na mama zao watakuja kukuuliza unawafundisha nini. Nimetwanga betri hizo mpaka mwaka jana, na kucha zangu ni mashahidi.

Watoto walikuwa wa namna tatu. Kulikuwa na wa wakimbizi kutoka Burundi, ambao wazazi wao walitoka kila alfajiri kwenda kulima mashamba ya watu. Kulikuwa na wa familia zilizoshuka kutoka milimani kwa sababu ya fujo. Na kulikuwa na watoto wa wavuvi, ambao baba zao waliifuata ndagala, dagaa wa ziwa letu, popote ilipokwenda: leo Ubwari ng'ambo ya ghuba, kesho Lweba, keshokutwa kusini kabisa. Wote walikuwa na tatizo moja, kwamba mwaka wa shule ulikuwa na vipande vilivyopotea, na hakuna aliyejua ni vipande gani.

Siku ya kwanza niliketi mbele yao na daftari, nikaanza kuuliza kila mmoja yuko darasa la ngapi. Mwalimu Assani akanivuta pembeni.

"Mama Mauwa, mutoto hapana kumuuliza iko mu classe gani. Atakudanganya, si kwa ubaya, ni haya tu. Umuulize: kitu gani ya mwisho ulisoma, mbele mufunge vitu muhame?"

Nilijaribu. Mtoto mmoja wa Burundi, mrefu kunipita, akasema cha mwisho alichosoma ni kugawanya, lakini kengele ilipigwa kabla mwalimu hajamaliza. Tukaanzia hapo hapo, katikati ya kugawanya. Sijawahi kupata njia bora kuliko hiyo, na nimehudhuria semina nyingi zenye chai na sambusa.

Jambo moja tu sikulipenda kwa Mwalimu Assani. Hakuwa na ratiba. Alikuwa akisomesha watoto wa wavuvi siku nane au kumi mfululizo, asubuhi na alasiri, hata Jumamosi, halafu anawaambia waende zao, wao peke yao, na kwa siku nyingi madawati yao yanabaki matupu huku yeye akiendelea na wengine bila wasiwasi. Tuliziita siku za Assani. Kila jioni, tukifunga shitingi, aliinua uso, akautafuta mwezi angani, akaandika kitu kwenye kijitabu chake cha mfukoni. Mimi nilijua tu kwamba Waislamu huuangalia mwezi kwa ajili ya mfungo, basi nikamheshimu kwa uchaji wake. Nilimwambia hata mchungaji wetu kwamba wenzetu wanatushinda kwa kutazama juu. Kumuuliza sikumuuliza. Dini ya mtu huiulizi, na wazee wetu walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa mwalimu, na mwalimu huona aibu kuuliza kuliko mtu yeyote.

Mwalimu Assani alipochoka miguu, darasa likaachwa mikononi mwangu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulinyoosha. Nilichapisha ratiba: Jumatatu mpaka Ijumaa, saa moja na nusu mpaka saa tano na nusu, wiki saba, mtihani Ijumaa ya mwisho ya Agosti. Nikaipiga muhuri, nikaibandika mlangoni. Inspekta wa shule alipopita aliipiga picha na simu yake. Nikaongeza sheria kwamba mtoto akikosa siku tano mfululizo bila sababu ninamfuta kwa kalamu nyekundu, kwa sababu nje ya shitingi kulikuwa na wengine wanaongoja dawati. Ilikuwa sheria ya haki, na mpaka leo nikiisoma kwenye karatasi inaonekana ya haki.

Nilifuta wengi. Karibu wote walikuwa wa ziwani. Katika ripoti niliandika kwamba wazazi wavuvi bado hawajahamasika vya kutosha. Sentensi hiyo niliipenda sana, nikaiandika vakansi nne.

Vakansi ya tano alikuja Vumilia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, aliandika herufi ndogo mno, mistari miwili ndani ya mstari mmoja, kama mtu aliyezoea kwamba daftari lingine halitakuja. Baba yake alimleta mwenyewe siku ya pili ya darasa. Wavuvi kwa kawaida hawaji, wanatuma. Alisimama nje ya shitingi, kofia mkononi.

"Mwalimu, mi minasema wazi," akaniambia. "Mwezi wa tisa tunahama na ekipe yote ya bavuvi, tunaenda kusini, mbali. Kama huyu anapata nafasi ya darasa la sita hapa Baraka, atabakia kwa dada yangu, atasoma. Kama hapati, tunaenda naye, na masomo inaisha. Siwezi kumuacha hapa bure."

"Ana kartoni ya la tano?" Nilimaanisha karatasi ya alama, ambayo hapa kwetu bila hiyo mtoto hana darasa.

"Tulihamaka mara tatu mu mwaka moja, mwalimu. Kartoni ya wapi?"

Nilikwenda kwa mkuu wa shule, mama mmoja mkali lakini mwenye kushika neno lake. Akaniambia hivi: dawati moja la la sita lipo. Kwa kuwa mtoto hana karatasi, atamkubali kwa orodha yangu. Kama nitaandika kwamba amefaulu mtihani wa vakansi, ataingia. Lakini orodha ya watoto wa la sita inapelekwa kwa inspekta Jumatatu baada ya mtihani wangu, kwa sababu ya mtihani wa taifa, na ikishakwenda haiguswi. Nikamwambia Vumilia haya yote. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye hesabu zake.

Alisoma siku tisa kama mtu anayefukuzwa. Kisha akapotea. Siku ya tano nilishika kalamu nyekundu, nikaiweka chini, nikaishika tena. Sikumfuta, na sijui kwa nini, labda kwa sababu ya zile herufi ndogo. Karibu wiki mbili zilipita. Aliporudi nilimkaripia mbele ya wote.

"Ulikuwa wapi?"

"Ku kazi, mwalimu."

"Kazi gani kwa mtoto wa miaka kumi na miwili? Ukikosa tena, usirudi."

Akaenda kukaa kwenye dawati lake. Siku hiyo niliandika tarehe ya mtihani ubaoni kwa herufi kubwa. Nilimwona akihesabu kwa vidole chini ya dawati, akafika mahali, akaanza kuhesabu upya. Nilidhani anafanya zoezi. Mtoto wa kwetu hamwambii mwalimu kwamba tarehe yake ni mbaya. Atahesabu, ataona, atanyamaza.

Ijumaa ya mtihani, dawati la Vumilia lilikuwa tupu. Madawati yote ya watoto wa ziwani yalikuwa matupu. Nilingoja nusu saa, nikagawa karatasi kwa waliokuwepo. Wale wa madarasa ya chini hawakunisumbua sana moyoni, wangeweza kupimwa hata Septemba. Lakini mbele ya jina la Vumilia niliandika "hayupo," na kwa hasira niliyokuwa nayo sikungoja Jumatatu. Mchana ule ule nilimpelekea mkuu wa shule orodha, akaipiga muhuri mbele yangu.

Nikiwa narudi nilipita kwa Mwalimu Assani, nia yangu ikiwa kulalamika. Nilimkuta ameketi barazani, anachambua maharage na mke wake. Nilimwaga yote: baba na kofia yake mkononi, nafasi niliyoitafuta kwa magoti, mtoto ambaye hakujali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulielewa.

"Na ndagala nani anaanika?"

"Ndagala gani, mwalimu?"

Mikono yake ikasimama juu ya sahani. "Mama Mauwa. Sasa ni giza. Mbalamwezi imepita, bavuvi bote beko ku maji. Usiku banavua na taa, asubuhi bamama na batoto banaanika. Wakati wa mbalamwezi ndagala hailetwi na taa, njo banapumzika, banashona nyavu, banavuka kuja huku. Njo unabasomesha. Ukiweka examen mu giza, umeweka kwa nani?"

Nikakaa chini kwenye sakafu ya baraza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote ile, jioni zote zile akiandika kwenye kijitabu.

"Mi nilizani unajua," akasema, na alishangaa kweli. "Nani hajui mbalamwezi?"

Mimi. Mimi mtoto wa muhogo. Nilijua vizuri kwamba kuna siku za mwezi ambazo ndagala zinakuwa chache sokoni, nililalamika kama kila mama wa Baraka nikiwa na kikapu mkononi. Lakini akili yangu ya sokoni na akili yangu ya shuleni hazikuwahi kusalimiana. Nilikuwa nimerithi saa inayofanya kazi vizuri, nikaifungua ili niitengeneze. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tena, na namwomba Mungu nisiisikie.

Jumamosi alfajiri nilipanda boti ya wafanyabiashara kwenda Ubwari, ambako Mwalimu Assani alinielekeza, karatasi ya mtihani ya la sita nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kitabu, kitabu ndani ya kitenge. Sitawaficha, mimi na maji si marafiki. Nilishika ubao wa boti kwa mikono miwili njia nzima, na mwanamke mmoja aliyebeba mafuta ya mawese aliniuliza kama naogopa au nasali. Nikamjibu kwamba nafanya yote mawili.

Kambi yao ilikuwa vibanda vichache chini ya mlima, na mbele yake mchanga wote ulikuwa mweupe kwa ndagala. Nilimuulizia Baba Vumilia. Hakuna aliyemjua.

"Unatafuta Baba Sifa," mtu akanionyesha. Sifa ni mtoto wake wa kwanza, na baba huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza.

Baba Sifa alikuwa anatoka kulala, macho mekundu. Hakuonekana kushangaa kuniona, au alijizuia. Alinipa ndoo iliyogeuzwa nikae.

"Mwalimu, ile siku ya examen, ni we ulichagula?"

"Ni mimi."

"Mi nilikuwa nawaza ni kwa makusudi. Ju batoto ba ku ziwa bashindwe, nafasi ibakie kwa batoto ba ku mujini. Miaka yote bantu banasema hivyo huku."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nilimwambia haikuwa makusudi, ilikuwa ujinga. Alinitazama akipima kama hiyo ni afadhali. Kisha nikamwambia nimeleta mtihani, nataka Vumilia auandike sasa hivi, kwa sababu Jumatatu mlango unafungwa.

Akaelekeza kidevu kwenye mchanga. Vumilia alikuwa pale na wanawake wengine, ameinama, anageuza ndagala kwa fagio dogo la vijiti. Aliniona, akasimama, akainama tena.

"Ndagala iko chini, mwalimu. Ya ekipe yote. Kama haigeuzwe mbele ya saa sita, inaoza. Mi siwezi kuambia benzangu mutoto wangu iko anaandika."

"Sehemu yake nitageuza mimi."

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku ile. Lakini akaita, na Vumilia akaja, akanawa mikono mpaka viwiko, akaketi kwenye mchanga mbele ya mtumbwi uliogeuzwa kichwa chini. Mtumbwi ulikuwa meza. Nikampa karatasi na kalamu, nikavua viatu, nikachukua fagio lake.

Kuanika ndagala si kazi ya mtu asiyejua. Nilizirundika. Mwanamke mmoja akanipigia kelele, "Mwalimu, hapana kulundika kama mihogo! Tandaza, tandaza!" na wote wakacheka, na mimi nikatandaza. Kisha ikafika wakati wa imla, kwa sababu mtihani wa la sita una imla ya Kifaransa na imla haijisomi. Basi nilisoma kwa sauti, sentensi moja, nageuza mstari mmoja wa ndagala, sentensi nyingine, mstari mwingine. Pwani yote ilinyamaza. Hata mbuzi waliokuwa wanavizia walifukuzwa kimya kimya.

Kando yangu alikuwa anageuza msichana mmoja, labda miaka kumi na saba, mtoto mgongoni. Vumilia alipofika kwenye fumbo la hesabu aliomba nilisome tena. Nikasoma: shamba lina urefu wa mita arobaini na tano na upana wa mita ishirini, linazungushiwa uzio wa miti, mti mmoja kila mita tano, miti mingapi? Vumilia akaanza kuandika, akasita. Yule msichana, bila kuinua kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini ili mwandikaji asisikie:

"Ishirini na sita. Batu bengi banaongeza moja, ju banasahau mwanzo na mwisho ni mahali pamoja."

Nikasimama na fagio. "Nani alikufundisha?"

"We, mwalimu." Akageuza mstari wake mpaka mwisho, akarudi. "Mi njo Sifa. Nilisomaka kwako vakansi mbili. Ya pili nilikuwa ya kuingia la sita. Halafu ukanifuta."

Sikukumbuka uso wake. Nilijaribu, na sikuukumbuka. Nilikumbuka tu kalamu. Nilitaka kusema pole, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo kwa mtu aliyebeba mtoto na amebeba na miaka yote ile, basi nikaendelea kugeuza ndagala kando yake. Vumilia alimaliza kabla jua halijafika katikati. Aliandika ishirini na sita.

Nilipoaga, Sifa alinisindikiza mpaka kwenye boti. "Mwalimu," akaniuliza, "haiko karatasi ingine?"

Haikuwepo. Nilikuwa nimebeba moja.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa shule kabla ya mlinzi. Nilimwonyesha mtihani, nikamweleza. Alichukua orodha yenye muhuri, akaitazama, akanitazama.

"Mama Mauwa, hapa umeandika wewe mwenyewe kwamba hayupo."

"Asiyekuwepo ni mimi," nikamwambia. "Yeye alikuwa mahali pake."

Akasema muhuri haufutwi kwa maneno mazuri. Kama nataka abadilishe, niandike barua kwamba kosa ni la mwalimu, kwa jina langu, na nakala iende kwa inspekta yule yule aliyeipiga picha ratiba yangu. Niliandika pale pale, nimesimama, kwenye kona ya meza yake. Vumilia akaingia la sita. Alibaki kwa shangazi yake wakati ekipe ilipohama, akafaulu mtihani wa taifa, akamaliza sekondari hapa hapa Baraka. Herufi zake bado ni ndogo.

Ratiba niliyoibandika mlangoni niliibandua mwenyewe. Hii mnayoitumia sasa, yenye duara jeupe na duara jeusi, ndiyo siku za Assani zilizoandikwa vizuri, wala si uvumbuzi wangu kama mlivyosema kwenye sherehe. Wakati wa mbalamwezi tunawasomesha watoto wa wavuvi kila siku, asubuhi na alasiri. Wakati wa giza tunabaki na watoto wa wakulima. Wachungaji walinisumbua kuhusu Jumapili, tukakubaliana tuanze baada ya ibada, na wao wafupishe matangazo. Sehemu yangu nimeitimiza. Na kalamu nyekundu sikuitumia tena kufuta jina. Mtoto akikosa, mtu anakwenda kuuliza, hata kama ni ng'ambo ya maji, hata kama anaogopa.

Nilifungua na madaftari ya mahudhurio ya zile vakansi nne. Niliketi nayo siku nzima na kalenda yenye mbalamwezi, nikalinganisha. Sitawaambia ni majina mangapi niliyoyafuta wakati wa giza. Nilipomaliza nilikwenda kuwatafuta niliowajua. Wengine walirudi darasani, wakubwa kuliko wenzao, magoti yakigusa ubao wa dawati. Wengi ekipe zao zilikuwa zimeondoka, na hakuna aliyejua zimekwenda wapi.

Sifa hakwenda kusini na baba yake, kwa kuwa mume wake alikuwa wa Ubwari. Vakansi iliyofuata nilivuka tena, safari hii mbalamwezi ikiwa kubwa. Mchanga ulikuwa mtupu, watu wamekaa wanashona nyavu. Nilikuwa na karatasi yake, la sita, nzima, pamoja na imla. Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. Kisha akampa jirani mtoto, akanawa mikono, akaandika juu ya gunia lililokunjwa, asubuhi yote, bila haraka. Niliisahihisha nimekaa karibu naye. Alipata kumi na saba kati ya ishirini.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilimwambia kwamba kuna masomo ya kusoma na kuandika kwa akina mama.

"Kusoma mi najua, mwalimu. Ni we ulinifundisha."

Nikamwambia nitaongea na mkuu wa shule. Akanionyesha kwa mkono kibanda chake, nyavu, mtoto anayelia kwa jirani, na akaniacha nijibu mwenyewe. Hakukuwa na orodha ya kumwandika. Nilisema hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha kwa ratiba.

"Si kwa ajili ya orodha," akasema. Alichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake. "Mi nilikuwa nataka tu kujua. Kama ule mwaka ungeningoja, ningepita?"

"Ungepita," nikamwambia.